Mkarafuu wa Kipa

Jino lilinianza Tunduru, likanifuata mpaka Songea. Mimi ni mtu wa safari. Nauza vitenge na mashuka, leo mji huu, kesho ule, na nimeshazoea kuumwa mahali ambapo hakuna anayejua jina la mama yangu. Mhudumu wa nyumba ya wageni, msichana mwenye usingizi machoni, aliniona nimeshika shavu. Akaenda jikoni, akarudi na karafuu moja kiganjani.

"Weka hapo linapouma, dada. Uma taratibu."

Nikauma. Ukali ukanipanda puani, ulimi ukafa ganzi, na kwa muda kidogo sikuwa tena Songea. Nilikuwa nimesimama kisimani kwetu Wawi, Pemba, shingo nimeipinda, natazama juu ya mkarafuu, na kando yangu amesimama mwanamume mrefu, naye shingo kaipinda, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Raya, mshahara unasemaje leo?"

Wiki hiyo hiyo kaka yangu Hamadi alikuwa amenipigia simu. Shamba la bibi limegawanywa hatimaye, na fungu la marehemu mama limetufikia sisi watoto wake. "Weye umeangukiwa na ule mkarafuu wa kisimani," aliniambia. "Unautaka, au tuukodishe kwa watu? Maana mwenyewe huji." Nilimwambia nitamjibu. Siku zikapita, naye hakuuliza tena, kama mtu aliyekwisha jijibia mwenyewe.

Mkarafuu ule una jina. Watu wa kwetu wanauita Mti wa Kipa, na vijana wa siku hizi hawajui kwa nini. Mimi najua, kwa sababu nilikuwepo msimu timu yetu ilipoanza kulipa wachezaji.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mpira ulivyokuwa kabla ya hapo. Mtu alicheza kwa sifa, akimaliza anapewa bilauri ya sharubati na maneno mazuri njiani. Asiyetaka kuja mazoezini alisingizia harusi ya binamu, na kwa kuwa Wawi hakukosekani harusi ya binamu wa mtu, hakuna aliyeweza kumkatalia. Timu yetu iliitwa Shuwari, na kweli ilikuwa shuwari: haikutikisa nyavu za mtu. Mjomba wangu Faki, mtoto wa mwisho wa bibi, ndiye aliyekuwa akiiongoza. Siku moja alirudi kutoka Unguja na neno jipya mdomoni. Akaita watu barazani kwetu.

"Timu za watu zinalipa," alisema. "Mchezaji akilipwa anacheza kwa adabu. Hachelewi, wala hana binamu."

Bibi, ambaye kila mtu alimwita Bi Moza, alikuwa ameketi mlangoni anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua kichwa. "Utawalipa nini, Faki? Mbaazi?"

Watu wakacheka.

"Karafuu, mama."

"Karafuu zi wapi? Mtini sasa hivi muna majani matupu."

"Hizo hizo. Zitakapokuja."

Kicheko kikakatika. Nadhani hapo kila mtu aliona kwamba jambo lile linawezekana. Pesa hakuna aliyekuwa nayo, lakini mikarafuu ilikuwepo, na mtu wa Pemba hajioni maskini akiwa na mti unaosubiri msimu. Ikakubaliwa kwamba kila nyumba yenye uwezo itatoa mavuno ya mti mmoja kwa mchezaji mmoja. Miti ikafungwa vitambaa vya kijani shinani, rangi ya jezi yetu, vilivyochanwa kwenye shuka kuukuu. Mchezaji atacheza msimu mzima, na karafuu zikiiva atakwea achume mwenyewe. Aliyefikiria kwamba mwisho wa ligi na msimu wa karafuu vingeweza kugongana hakuwepo barazani siku ile, au alikuwepo akanyamaza.

Bibi alitoa mti wa kisimani, ule mkubwa kuliko yote, akasema ni wa kipa. Hapo ndipo tatizo jingine lilipojulikana, maana kipa hatukuwa naye.

Mjomba Faki alimpata bandarini Mkoani. Chombo kilikuwa kinashusha vitunguu vya kutoka Tanga, na kijana mmoja alisimama gatini akidaka kila furushi lililorushwa, bila hata moja kumponyoka, huku akizungumza na watu. Jina lake Shaabani. Hakuwahi kucheza mpira wa ligi. Mjomba alimwambia kuna timu inayolipa, naye akaacha vitunguu.

Alipewa chumba chetu cha uani. Nilimchunguza kama ninavyochunguza hadi leo wageni kwenye nyumba za kulala, kwa jicho la pembeni. Vidole vyake vilikuwa virefu na havitulii. Ukimpa kikombe alikirusha kidogo hewani kabla ya kukishika vizuri. Mara moja yai lilibiringika kutoka rafu ya jikoni, na kabla bibi hajamaliza kusema "Yalla!" lilikuwa kiganjani mwa Shaabani, zima.

"Huyu ntu au paka?" bibi aliuliza. Tangu siku ile alimpenda, ingawa alijaribu kutuficha.

Mimi nilikuwa na swali jingine. Kwetu mti haupewi mtu hivi hivi. Nilipozaliwa niliwekewa mnazi. Hamadi alikuwa na mkarafuu wake mdogo wa bondeni. Mke wa mjomba alipoolewa alitajiwa miti miwili. Kwa akili yangu ya mtoto, kupewa mti ndiko kuwa mtu wa nyumba, na neno mshahara nililichukua kuwa jina la kistaarabu la jambo hilo hilo. Nikaenda chuoni, nikawaambia wenzangu tunaosoma nao Kurani, "Tumepata mjomba mwengine."

"Mjomba gani anatoka Tanga?"

"Kapewa nti."

Ushahidi huo uliwatosha, kama ulivyonitosha mimi.

Siku ya kwanza bibi alipompeleka Shaabani kisimani kumwonesha mti wake, nilifuata nyuma. Alitazama kitambaa cha kijani shinani, akatazama juu, akaendelea kutazama juu.

"Hizo karafuu nitazipataje, Bi Moza?"

"Utakwea."

"Huko?"

"Sasa utazisomea Yasini zishuke?"

Hakucheka. Alipapasa gome kama mtu anayepapasa ubavu wa ng'ombe asiyemjua. Kipa wetu, aliyekuwa anaruka kama amefyatuliwa, alikuwa anaogopa kukwea. Niliona mimi na bibi, na bibi alinibana sikio njia nzima ya kurudi ili nisije kusema.

Mechi ya kwanza ilikuwa kioja. Tulidhani kulipwa kutawafanya wacheze kama simba, kumbe kila mmoja alikuwa akilinda miguu yake. Mpira ukija baina ya wawili, wa kwetu alisita, akampisha mwenzake kwa heshima kama wanakutana mlangoni mwa msikiti. Mjomba Faki alipowafokea wakati wa mapumziko, beki mmoja alimjibu, "Nikivunjika mguu, nti wangu atakwea nani? Weye?" Tukafungwa. Kama si Shaabani tungefungwa mpaka tukose pa kuhesabia.

Lakini watazamaji wa Wawi nao walijifunza. Zamani mchezaji akikosea walimsikitikia, kwa kuwa alikuwa anacheza bure. Sasa walikuwa na haki ya kusema. Mshambuliaji akipaisha mpira, sauti ilitoka nyuma ya mstari: "Rudisha nti wa watu!" Winga akipoteza mpira: "Mkarafuu wako nimeuona, nao hauzai!" Kuna mzee mmoja aliyekuwa hakosi mechi, Mzee Kombo, aliyejua kila mti ni wa nani na una ukubwa gani, na akawapimia wachezaji kazi kwa kipimo hicho. Mwenye mti mdogo alisamehewa mambo madogo. Shaabani, mwenye mti mkubwa kuliko wote, hakusamehewa kitu.

"Kipa!" Mzee Kombo alikuwa akipaza sauti. "Nti huo ukubwa wake! Daka mpaka na ndege!"

Polepole aibu ikafanya ile kazi ambayo mshahara ulishindwa. Tukaanza kushinda.

Nami nikaanza kuutazama mti. Sijui wazo lilinijia vipi, labda kwa sababu vikonyo vya kwanza vya karafuu vilichomoza asubuhi ya baada ya ushindi wetu wa kwanza. Baadaye tukafungwa vibaya, na kesho yake upepo wa mvua ukaangusha vikonyo vichanga, vikatapakaa chini kisimani. Basi nikawa na hakika: mti unafuata mpira. Nilimweleza Shaabani jambo hilo kwa siri kubwa. Mtu mwengine angenicheka. Yeye aliniuliza maswali. Je, sare mti unaifanyaje? Je, timu ikishinda ugenini, habari inaufikia siku ile ile au kesho yake? Sikuwa na majibu, kwa hiyo tukawa tunakwenda pamoja kila alasiri kabla ya mazoezi, tunasimama, tunapinda shingo.

"Raya, mshahara unasemaje leo?"

"Umeongezeka."

"Alhamdulillahi."

Siku moja, bado ametazama juu, alisema, "Mama yangu anasema mpira si kazi. Anasema mtu mzima anayekimbilia kitu cha kupigwa teke hana tofauti na mbuzi. Mimi nataka nirudi nimwekee mbele kitu, nimwambie: hiki nimekipata kwa mikono yangu hii, golini." Akavinyoosha vile vidole vyake. Nilisikia maneno yote isipokuwa moja. Sikulisikia neno "nirudi".

Msimu wa karafuu na mwisho wa ligi vikafika pamoja. Jua lilikaza siku chache mfululizo, vikonyo vikabadilika kutoka kijani kwenda wekundu mwepesi, na kila aliyezaliwa Pemba anajua maana yake. Karafuu haisubiri. Usipoichuma inachanua, na ikichanua haina bei, ni ua tu. Shule zilifungwa, nyumba zikabaki na vikongwe na paka, watu wote wako mashambani. Na mbele yetu ilikuwa mechi ya mwisho, Gombani, uwanja mkubwa wenye majukwaa, dhidi ya timu ya Tibirinzi. Tukishinda tunapanda daraja.

Mazoezini hakuja mtu. Mjomba Faki alizunguka shamba kwa shamba na filimbi yake shingoni, akisimama chini ya kila mti wenye kitambaa cha kijani na kufundisha kwa kelele.

"Beki wa kulia! Unanisikia? Winga wao ana mguu wa kushoto!"

"Nasikia!" jani lilijibu.

"Usimwachie nafasi!"

"Niletee pakacha jingine, Faki, hili limejaa!"

Shaabani peke yake alikuwa chini. Alizunguka mti wake, akakwea mpaka panda ya kwanza, akakumbatia shina, akashuka. Wachumaji wa kukodi walikuwa wamekwisha chukuliwa wote. Asubuhi ya siku moja kabla ya mechi tuliona ua la kwanza limefunguka kileleni, manyoya yake meupe yameenea, zuri kabisa. Mimi nilipiga makofi. Yeye aliketi chini.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Hakupandisha sauti.

"Kesho sitacheza, bwana Faki."

"Astaghfirullahi! Kwa nini?"

"Mshahara wangu unachanua."

"Baada ya mechi tutakuchumia."

"Baada ya mechi ni maua. Nimekaa golini msimu mzima nikiulinda mti ambao siwezi kuupanda. Nitamwambia nini mama? Kwamba nililipwa kwa kutazama?"

Mjomba alimwomba, akamtajia Gombani, akamtajia majukwaa. Shaabani alikuwa anatikisa kichwa tu, na niliona macho yake yana maji. Nilishangaa. Kwangu mimi hakuwa amepungukiwa na kitu. Mti ulikuwa pale pale, wake.

Bibi alisikia kila kitu kutoka jikoni. Alitoka na mwiko mkononi. "Faki, nti nimeutoa mie. Kumpa ntu ujira asioufikia ni kumdhihaki, na mie sidhihaki mgeni aliye nyumbani mwangu. Kesho baada ya sala ya alfajiri nataka timu yako yote kisimani. Wasipokuja, nakwenda Gombani mwenyewe niwaambie watu wa Tibirinzi mnavyolipana."

Walikuja. Sijapata kuona tena kitu kama kile katika miji yote niliyopita. Timu nzima juu ya mti mmoja, wengine wamevaa jezi tayari, mti unatikisika na kucheka. Kawaida karafuu hushushwa kwa kamba ndani ya pakacha, polepole, lakini muda haukuwepo na mapakacha hayakutosha. Mmoja akapaza sauti kutoka juu, "Kipa! Shika!" Akarusha kichala.

Shaabani alikidaka.

Kikaja kingine, kushoto. Akadaka. Kikaja cha juu, akaruka, akakileta kifuani. Sasa vikawa vinatoka pande zote, naye anazunguka shina anadaka, anatia pakachani, anadaka, na sisi watoto na wanawake tuliokuwa majamvini tukichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake tukaacha kuchambua.

"Ikianguka chini, huli!" bibi alimwambia.

Haikuanguka. Au kama ilianguka sikuiona, na waliokuwepo wanasimulia hivyo hivyo. Adhuhuri mti ulikuwa umebaki majani na yale maua machache ya kileleni, na mikono ya Shaabani ilikuwa imenata utomvu hadi kwenye viwiko.

Alasiri tulikwenda Gombani kwa miguu, bibi naye, kanga mbili, mara yake ya kwanza kuingia uwanjani. Timu yetu ilinuka karafuu mpaka jukwaani. Na ilikuwa imechoka. Mapaja yaliyokuwa yamebana matawi tangu alfajiri hayakuweza kukimbia, na watu wa Tibirinzi walitushambulia kama mvua ya masika. Nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Alifanya kile kile alichofanya asubuhi: kushoto, juu, kifuani. Bibi alinishika mkono akaanza kusema taratibu, kila mpira ukija golini, "Hatakula, hatakula," kisha, ukidakwa, "Atakula."

Hawakumfunga. Nasi hatukumfunga mtu. Ilikwisha sare, na sare haikutosha, tukabaki daraja lile lile. Mjomba Faki aliketi juu ya mpira na kufunika uso. Wachezaji walipokuwa wanatoka, kila mmoja aliinamisha kichwa akisubiri kuambiwa arudishe mti. Mzee Kombo alisimama. Alisafisha koo kwa muda mrefu.

"Kipa!" alisema. "Nti wako halali yako!"

Uwanja mzima upande wetu ukaitikia, halali yako, halali yako. Shaabani alinyanyua mikono yake iliyonata akaitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anapewa.

Karafuu zilianikwa mpaka zikakauka na kulia mkononi, zikauzwa kwenye kituo cha kununulia karafuu kwa jina lake. Kisha nikamkuta kisimani asubuhi na begi. Alikuwa na shati jipya, na kwenye mfuko wa shati amefunga karafuu chache kwenye kitambaa kile cha kijani, za kumnusisha mama yake.

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Nyumbani. Tanga."

"Na nti wako?"

"Mti gani?"

Nilimwonesha. Alichuchumaa mbele yangu. "Raya, huu si mti wangu. Ni wa bibi yako. Mimi nilipewa karafuu, nimeshazichukua."

"Kwa hiyo hukuwa mjomba?"

Alianza kucheka, akaacha. "Kumbe wewe ulikuwa umeniweka huko," alisema. Akarusha kokoto hewani, akaidaka, akanipa mkononi, akaenda zake.

Nililia siku nzima, na jioni bibi akachoka nami. Aliniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya ukali tu. "Sikiliza wee ntoto. Ntu wa kazi hupewa mavuno, akenda zake na uso wake. Ntu wetu hupewa nti, hata akiwa hafiki."

Shuwari waliendelea kulipa misimu mingine, kwa pesa, baada ya karafuu kuvunwa, na Mjomba Faki akajifanya kwamba utaratibu huo ndio aliokuwa nao tangu mwanzo. Shaabani hakurudi. Siku moja nikiwa Tanga kwa biashara nilijikuta natazama vidole vya wanaume sokoni, nikajicheka, nikaondoka.

Usiku ule Songea jino lilitulia. Asubuhi nililipa chumba, nikafunga mzigo wa vitenge kama ninavyoufunga kila mahali, na nikiwa nakaza kamba nikawaza kwamba kwa miaka yote hii ninachopata kila mji ni mavuno: nauza, nachukua changu, naondoka na uso wangu. Hakuna ubaya. Ndivyo alivyoondoka na yeye. Ila yeye hakuna aliyempigia simu kumwambia ameangukiwa na mti.

Nikampigia Hamadi kabla sijafika stendi.

"Nti wa kisimani usiukodishe," nilimwambia.

"Enhe. Na karafuu zinakaribia. Atachuma nani? Utakwea weye, na kilo zako hizo?"

"Kweeni nyie na watoto wako. Mie nitasimama chini."

"Kufanya nini?"

"Rusheni tu."

Upande wa pili nilisikia kuku, nikasikia mtu anachota maji. Kisha kaka yangu, ambaye siku ile ya timu nzima mtini alikuwa kando yangu jamvini na mikono imejaa makonyo, alitoa sauti ya bibi hasa, kavu, yenye mwiko ndani yake.

"Ikianguka chini, huli."